Somo la Afya: Macho ya Mwenye Kisukari

Mwenye kisukari aishiye Mgeta au Tegetero aweza kusoma kitabu vema, kulima shamba lake, wala asisikie maumivu yo yote. Kumbe jicho lake limekwisha kuanza kuharibika. Basi na tujifunze jambo hili.

1. Ugonjwa wajificha wapi? Sukari ikizidi katika damu siku nyingi, hudhoofisha mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, katika utando upokeao nuru, uitwao retina. Mishipa huvuja, baadaye huota mingine mibovu, nayo ikipasuka mtu aweza kuona giza ghafula. Kwa hiyo yampasa kupimwa macho kila mwaka, ijapokuwa aona vema.

2. Daktari atazamaje kutoka mbali? Madaktari wa macho ni wachache, na wengi hukaa mijini. Lakini picha yaweza kusafiri. Huko Kilimanjaro, mwaka 2010, ulianza mpango wa hospitali ya KCMC, Moshi, wa kuwafuata wenye kisukari katika kliniki za wilayani na kuwapiga picha za macho. Kazi yenyewe ni hii: mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, kamera hupiga picha ya nyuma ya jicho, na mjuzi huisoma. Siku hizi intaneti yaweza kumfikishia daktari picha hiyo kwa dakika chache. Baada ya matone, macho huona ukungu kwa saa kadhaa. Basi mtu wa Uluguru asishike njia ya mlima peke yake.

3. Picha si dawa. Picha husafiri, lakini mionzi ya leza na sindano za jicho haziji kwa intaneti; mgonjwa aitwapo, sharti aende mwenyewe. Naye hujibu, “Naona vizuri, niende kwa nini? Na nauli je?” Asikawie! Tiba hulinda nuru iliyobaki. Iliyokwisha kupotea mara nyingi hairudi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sisi tuzijuazo njia hizo kwa miguu twajua kwamba barua ya hospitali yaweza kulala chini ya mto mwaka mzima. Mwalimu, mzee akikuletea barua hiyo, usimsomee tu. Ulizeni siku, tafuteni nauli, mpateni wa kumsindikiza.

Maswali:
Kwa nini aonaye vema apimwe?
Katika mtaa wetu, ni nani aliyeitwa hospitali na hajaenda bado? Amezuiwa na nini?