Muhula Mpya: Kikundi Chetu Kina Kazi Gani Shuleni?



Somo letu safari hii linahusu shule ya msingi iliyo karibu nanyi. Tumelichagua kwa sababu kila shule zinapofunguliwa, hasa Januari, vikundi vingi husimama. Mikutano inakosa watu, pesa za mzunguko zinachelewa, na ukiuliza unaambiwa, "Si unajua ni mambo ya shule." Tunajua. Lakini wiki mbili hizo za kwanza ndizo zinazoamua mambo mengi. Mtoto akikosa wiki ya kwanza kwa sababu ya sare, wiki ya pili anaona haya kuingia darasani, na ya tatu anasema hataki. Mwezi wa pili ukifika tayari anachunga mbuzi za watu. Hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba mtoto huyu aache shule. Imetokea tu.

Mmoja wenu asome kwa sauti, na msimame kila mnapotaka kuongea. Somo si mbio.

Tulikotoka

Wazee katika kikundi watakumbuka kwamba madarasa mengi ya nchi hii yalijengwa kwa harambee. Akina mama walibeba maji na mawe, wanaume wakachoma matofali. Kwa hivyo kikundi kinapokwenda shuleni hakiendi kama mgeni.

Lakini kuna historia nyingine ambayo haisemwi sana. Mwezi wa Desemba 1973 Mzee Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo ya darasa la kwanza hadi la nne imeondolewa. Mwaka uliofuata watoto wakafurika shuleni. Madarasa hayakutosha, madawati hayakutosha, basi shule zikaanza kutoza pesa za ujenzi. Karo ilikuwa imeondoka kwa mlango wa mbele ikarudi kwa dirisha, na watoto wengi waliokuwa wameingia kwa furaha wakarudi nyumbani. Mwaka wa 1988 mpango wa kugawana gharama ukawaongezea wazazi mzigo. Ndipo Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ikaleta elimu ya msingi bila malipo, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi karibu milioni 7.2. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Watu walicheka, lakini yeye alisoma.

Tunaikumbuka sana hiyo ya mwaka wa 1974. Inatuonyesha kwamba mtoto anaweza kufukuzwa na vitu vidogo vidogo hata kama karo haipo.

Sheria inasema nini juu ya pesa

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapotishwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inasema shule ya umma haiwezi kutoza karo ya masomo. Shule inaweza kuomba malipo mengine, lakini lazima yakubaliwe na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Halafu sheria hiyo inaongeza jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua kwa moyo: hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa sababu hayo malipo mengine hayajalipwa. Tena, yeyote anayepokea pesa za shule ni lazima atoe risiti rasmi. Kuandikiwa jina kwa daftari la mwalimu si risiti. Kuambiwa "nitakuandikia kesho" pia si risiti.

Je, shule inapata pesa wapi? Serikali hutuma mgao kwa kila mwanafunzi. Mwaka wa 2003 ulikuwa shilingi 1,020 kwa mwaka, na baadaye ukawekwa kuwa shilingi 1,420 kwa mtoto wa shule ya msingi. Pesa hizo hugawanywa kwa mihula mitatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme shule yenu ina watoto 300. Mara 1,420, hiyo ni shilingi 426,000 kwa mwaka. Muhula wa kwanza ungetarajia 213,000.

Ukisikia hivyo unaona ni pesa nyingi. Sasa gawanya tena. Kwa muhula huo wa kwanza, kila mtoto ana shilingi 710 za chaki, karatasi za mtihani, stima, maji, kutengeneza mlango uliovunjika, na mshahara wa mlinzi na mpishi. Na mara nyingi zinachelewa kufika. Mwalimu mkuu anafungua shule akiwa mikono mitupu, na ana deni la mwenye duka. Kwa maoni yetu, walimu wakuu wengi wanaoomba pesa wazazi hawaibi, wamebanwa. Lakini kubanwa hakumpi mtu ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani, na wazazi wana haki ya kuuliza hesabu.

Kuuliza kuna njia yake. Katika bodi ya shule kuna watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, na kama shule ina mfadhili, kwa mfano kanisa, mfadhili naye ana watu watatu. Kuna pia chama cha wazazi chenye mwakilishi wa kila darasa. Mnawajua hao watu? Kama hamwajui kwa majina, kazi ya kwanza ya kikundi ni hiyo. Msiende kupiga kelele langoni. Tumeni watu wawili au watatu wapole, waombe kuonana na mwalimu mkuu, waseme, "Mwalimu, tumekuja tujue muhula huu shule imepokea nini, na inakosa nini." Swali hilo lina sehemu mbili kwa makusudi. Anayeulizwa tu kile alichopokea anajifunga. Anayeulizwa pia anachokosa hufungua daftari.

Kapu la shule

Sare bado ni kizuizi kikubwa. Wengi wetu hungoja Januari, wakati Krismasi imekwisha kula kila kitu, kisha tunakimbilia mkopo kwa mtu anayetoza riba ya kuumiza. Basi jaribuni hivi. Mbali na pesa za mzunguko, kila mwanachama aweke shilingi 50 kwa wiki katika kapu la shule, kwa wiki 30, kuanzia Mei. Mwisho wake kila mmoja ana 1,500. Wanachama 20 wana 30,000. Pesa hizo zitolewe Novemba, kabla ya sherehe, na zisitolewe mkononi: mnunue kitambaa cha sare kwa jora, mtafute fundi mmoja wa hapo kijijini, mpatane bei ya kushona zote. Akiwa ni mwanachama wenu, vizuri zaidi. Jora likinunuliwa pamoja, bei ya mita huwa nafuu kuliko kila mama kwenda peke yake sokoni siku moja kabla ya shule kufunguliwa.

Na mwachie nafasi mtoto ambaye nyanya yake anamlea peke yake na hawezi hiyo 50. Kila kikundi kinamjua. Hapo hatuna haja ya kusema mengi.

Jambo lingine la kufanywa mapema ni cheti cha kuzaliwa. Shule zimekuwa zikikihitaji ili kumwandikisha mtoto katika rekodi za serikali, na mtoto ambaye hajaandikishwa humo mgao wake umekuwa hauji. Yaani anakaa darasani lakini kwenye hesabu hayupo. Wazazi wengi hukumbuka cheti wakati mtoto anakaribia mtihani. Chifu na naibu wake wanajua fomu zinazotakiwa. Mwalikeni mmoja wao kwa mkutano wenu.

Wanajifunza nini siku hizi?

Wazazi waliosoma mfumo wa 8-4-4 wanalalamika kwamba hawaelewi tena. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Mtaala mpya wa umilisi, watu wanauita CBC, ulianza madarasa ya chini mwaka wa 2019. Mtoto anakaa miaka miwili chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi ambayo iko palepale katika shule ya msingi, kisha mitatu ya sekondari ya juu.

Ripoti ya muhula haisemi tena "nambari 7 kati ya 52". Inasema mtoto anazidisha matarajio, anafikia, anakaribia, au yuko mbali na matarajio. Mzazi asitoke kwenye mkutano wa darasa bila kuuliza: anakaribia katika nini? Kusoma? Kutoa? Kuandika? Mwalimu mzuri atakuonyesha kazi yenyewe.

Kuna malalamiko pia kwamba mtoto anatumwa vitu vya kununua kila siku. Mara nyingi kinachotakiwa kinapatikana shambani: majani ya mgomba, udongo wa mfinyanzi, visoda, mabua ya mahindi. Kama mwalimu anasisitiza kitu cha dukani, mwakilishi wa darasa amwambie kwa heshima kwamba hapa kijijini hakipo.

Lakini lililo kubwa kuliko haya yote ni kusoma. Kuanzia mwaka wa 2009 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini wakiwapima watoto kwa jaribio la kiwango cha darasa la pili. Mara kwa mara walikuta watoto wengi wa darasa la tatu, na hata wa juu zaidi, hawawezi kulimaliza. Wako shuleni kila siku, wana sare, wana madaftari, lakini hadithi fupi hawaisomi. Nyinyi mnaweza kupima pia. Chukueni kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya Pili, mpe mtoto wa Gredi ya Nne asome aya moja, kisha aeleze kwa maneno yake. Mama asiyejua kusoma naye anaweza: akisikia mtoto anasitasita, au anasoma vizuri lakini hawezi kueleza, ameshajua shida ilipo. Msimpige wala kumcheka. Nendeni kwa mwalimu wake mapema, Februari, si Oktoba. Na kikundi chenye kijana aliyemaliza sekondari na anakaa tu nyumbani kimuombe aketi na watoto Jumamosi saa moja, wasome hadithi kwa zamu. Hiyo haihitaji pesa.

Chakula cha mchana

Mtoto mwenye njaa hasikii hesabu, hilo halina ubishi. Kadirieni gramu 150 za mahindi na 40 za maharagwe kwa mtoto kwa siku. Muhula wa wiki 12 una siku 60 za shule. Hiyo ni kilo 9 za mahindi na kilo 2 na nusu hivi za maharagwe, yaani karibu gorogoro nne na nusu za mahindi na moja na kidogo ya maharagwe. Mkitoa wakati wa mavuno, mzigo huo unabebeka. Mkingoja hadi gunia lipande bei, haubebeki. Mahindi yawe makavu kabisa kabla ya kupelekwa stoo, kwa maana ukungu una sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Ya kujadiliana

Ni watoto gani wa kijiji chetu waliokuwa shuleni muhula uliopita na muhula huu hatujawaona njiani asubuhi? Tajeni majina, na mkubaliane nani atapita kwa kila nyumba, na siku gani.

Ni nani kati yetu anajua wawakilishi sita wa wazazi? Walichaguliwa lini, na mkutano ulihudhuriwa na wangapi?

Kapu la shule: shilingi 50 tunaiweza, au tuanze na 20?