Influensa wa nchi jirani: mambo 6 ya kuangalia kabla hujamtumia hela

Somo la leo ni la wewe unayeuza mtandaoni na umeanza kupata komenti kutoka nje: "Mnatuma Mombasa?" "Kampala mnafika?" Ukiona hivyo, wazo la kwanza linalokuja ni kumtafuta influensa wa huko akutangazie. Wazo ni zuri. Ila shika jambo hili moja: tangazo linavuka mpaka bila kuulizwa na mtu, lakini mzigo na hela huulizwa. Kama njia ya mzigo na njia ya hela hazijafunguka, utakuwa unamlipa mtu akuletee wateja ambao huwezi kuwauzia.

Mimi nipo Tanga, nauza magauni ya batiki na mabegi ya khanga. Wateja wangu wengi wa nje wako Mombasa na Nairobi, kwa hiyo mifano yangu ni ya Tanzania na Kenya. Uliyeko Bukoba unaangalia Uganda, au uko Kigoma unaangalia Burundi, maswali ni haya haya.

1. WAFUASI WAKE WANAISHI WAPI?

Wengi tunaangalia idadi tu. Lakini influensa kukaa Nairobi si sawa na wafuasi wake kukaa Nairobi. Akaunti za kikazi za Instagram na TikTok zinamwonyesha mwenyewe wafuasi wanatoka nchi gani, kwa asilimia. Muombe akuonyeshe. Skrinishoti inachezewa, kwa hiyo mimi naomba arekodi skrini akiwa anafungua ukurasa huo, au tupigiane simu ya video. Mtu wa kazi hakasiriki.

Kuna mmoja, jina naliacha, anakaa Nairobi na ana wafuasi zaidi ya laki moja. Alipofungua takwimu zake, Kenya haikufika hata robo. Waliobaki walikuwa nchi ambazo siwezi kupeleka hata bahasha, lakini bei aliyotaja ilikuwa ya wafuasi wote. Nikamshukuru, tukaachana vizuri. Nikafanya kazi na dada wa Mombasa mwenye wafuasi elfu 9, wengi wa huko huko pwani. Chini ya posti zake watu wanauliza "bei gani?" na "napataje?" Komenti kumi za namna hiyo ni bora kuliko makopakopa mia tano.

2. SHILINGI YA NANI?

Tanzania ni shilingi, Kenya ni shilingi, Uganda ni shilingi. Gauni lako ni 35,000. Mkenya akisikia "elfu thelathini na tano" kwenye video anapita moja kwa moja, maana kwake hiyo ni hela ya kununulia simu nzuri. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikizunguka kwenye 20 za kwetu, kwa hiyo bei yako kwake ni kama 1,750. Mpe influensa bei ya pesa ya kwao, imeandikwa KSh, na aitamke hivyo. Angalia kiwango siku ya kutangaza, halafu acha nafasi kidogo, kwa sababu kiwango kinapanda na kushuka wakati oda bado zinaingia.

3. BIDHAA YAKO INAITWAJE KULE?

Kiswahili ni kimoja ila maneno ya sokoni yanatofautiana. Mombasa khanga inaitwa leso. Huku kwetu leso ni ile ya kufutia jasho! Ukimlazimisha dada wa Mombasa aseme "begi la khanga", anaongea kama mgeni mbele ya watu wake, na anayetafuta "leso" mtandaoni hakuoni. Usimwandikie kila neno la kusema. Mpe mambo ambayo lazima yatajwe: bei, saizi, namna ya kuagiza, na kama rangi inachuja au haichuji. Mengine aseme kwa mdomo wake. Hicho ndicho unachomlipia.

4. MZIGO UTAPITAJE, NA HELA ITARUDIJE?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ndipo mtaji unapofia.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Kama bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya, iko kwenye orodha iliyokubaliwa, na mzigo hauzidi dola 2,000 za Marekani, unaweza kupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, na ushuru wa forodha unaondolewa. Sikiliza vizuri: ni ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kubaki. Na kama unauza vitu kutoka China au India, cheti hicho hakikuhusu hata kama umevinunua Kariakoo. Kabla ya tangazo, nenda forodha au muulize wakala wa forodha kuhusu bidhaa yako hasa. Vipodozi na vyakula vina masharti ya ubora pia, kwa hiyo hao waulize mara mbili.

Usitume oda moja moja. Mimi nakusanya oda za wiki, mzigo unaondoka mara moja kupitia Horohoro, unatokea Lunga Lunga na kuingia Mombasa, pale nina mtu wa kuugawa. Gharama ya njia inagawanyika kwa magauni mengi. Na fungashio: Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, na sisi tukafuata Juni 2019. Tumia karatasi au mfuko wa kitambaa.

Hela nayo: tangu 2015 mtu wa M-Pesa ya Safaricom anaweza kutuma kwenye M-Pesa ya Vodacom Tanzania. Jaribu kwanza kwa kiasi kidogo uone makato na kiwango cha kubadilishia. Kama wateja wanamlipa mtu wako wa kule, mpangiane siku ya kufunga hesabu. Sisi ni kila Jumamosi, na orodha ya oda inatumwa pamoja na hela. Anayepokea hela asiwe influensa huyo huyo, ili asiyejua idadi ya mauzo asikudai, na anayejua asikufiche.

5. HESABU KABLA YA UMAARUFU

Chukua kalamu. Tuseme gauni unauza TSh 35,000. Kulitengeneza ni 20,000, njia na ugawaji ni 4,000. Unabaki na 11,000.

Influensa anataka 150,000 kwa video moja. Gawa kwa 11,000: unahitaji kuuza magauni 14 ndipo hela yake irudi. Kuanzia la 15, kila gauni linakupa faida kamili.

Sasa mwambie umpe asilimia 10 ya kila gauni, yaani 3,500. Unabaki na 7,500 kwa kila moja, na yasipouzika humdai wala hakudai. Njia hii ni nafuu kwako mpaka gauni la 42. Ukiwa na uhakika wa kuuza zaidi ya hapo, malipo ya mkupuo ndiyo yanakuwa nafuu.

Kwa wengi wetu 150,000 ni hela ya kikoba, au ni bando za vitambaa vya mwezi unaokuja. Kwa mtu mpya anza na asilimia, pamoja na gauni moja la zawadi avae. Akikataa kabisa, mpe malipo madogo na asilimia ndogo. Ili ujue nani kaleta mteja, kila influensa awe na neno lake la punguzo. Wa kwangu anasema "ukiagiza taja PWANI". Mteja asipotaja neno, muulize ametuona wapi, uandike.

6. MUANDIKIANE

Mkataba si lazima wa mwanasheria. Ujumbe wa WhatsApp ulio wazi, naye akajibu "nimekubali", ni bora kuliko simu ya saa nzima. Uwe na haya:

- Video ngapi, stori ngapi, tarehe gani
- Posti itakaa muda gani bila kufutwa
- Malipo kiasi gani, kwa pesa ya nchi gani, na nani analipa makato
- Nusu kabla, nusu baada ya posti kutoka
- Ruhusa ya wewe kutumia video yake kwenye ukurasa wako, na kwa muda gani
- Kama anaweza kutangaza muuzaji mwingine wa bidhaa hiyo hiyo wiki hiyo
- Mzigo ukichelewa, nani anawajibu wateja

Pia akubali kuweka alama kwamba posti imelipiwa. Instagram na TikTok zote zina sehemu ya kuwasha hiyo, na ni masharti yao. Ukija kufanya kazi na Mswahili aliyeko Uingereza au Marekani, kule ni lazima mtazamaji ajue kwamba ni tangazo. Usiogope alama hiyo. Mteja anayejua ni tangazo na bado akanunua ndiye anayerudi.

KAZI YA WIKI HII

Usimtafute influensa bado. Tafuta mteja mmoja tu wa nchi jirani kati ya waliokukomentia. Muuzie, mzigo upite njia halali, hela iingie kwenye simu yako. Andika kila gharama na kila siku iliyotumika. Mzigo ukifika salama na hesabu ikabaki na faida, una kitu cha kumpa mtangazaji. Ukikwama, umekwama na gauni moja, si na mtaji mzima.

Unauza nini na unaangalia nchi gani? Andika kwenye komenti, tusaidiane. Na kama uko Mombasa, Kampala au Bujumbura, tuambie bidhaa hiyo inaitwaje huko kwenu.