Kabla Mawingu Hayajaufunika Mlima

Kijitabu cha elimu ya afya kwa wakazi wa Nyeri, Karatina, Othaya, Naro Moru na Nanyuki

Ukitoka nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwe Kamakwa, Kiganjo au Karatina, na ikiwa hakuna ukungu, Mlima Kenya uko wazi mbele yako: vilele vya Batian na Nelion vimechongoka juu, na barafu kidogo iliyobaki inang'aa ubavuni. Kufikia saa nne, siku nyingi, mawingu yameshapanda na mlima umejificha hadi jioni. Kila aliyekulia huku anaijua ratiba hiyo. Hata hivyo wengi wetu saa hizo tunazimaliza tukikimbilia matatu, tukigombana na watoto juu ya viatu, macho yakiwa kwenye simu.

Tunakuomba dakika ishirini kati ya hizo. Utoke, utembee polepole mahali penye miti, majani au maji yanayotiririka, na simu ikae mfukoni. Ufanye hivyo siku sita kwa wiki. Siku ya saba ni ya kanisani, na hata huko, kama si mbali, nenda kwa miguu.

Dakika ishirini mara sita ni dakika 120, na hesabu hiyo ina sababu. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu karibu 20,000 walioulizwa muda waliokaa kwenye bustani, misitu, fukwe na mashamba katika wiki iliyopita. Waliofikisha dakika 120 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba afya yao ni njema na wameridhika na maisha, kuliko wale ambao hawakutoka kabisa. Haikujalisha kama muda huo ulikuwa wa safari moja ndefu au vipande vya kila siku. Ni kweli kwamba mtu mwenye afya hutoka nje kwa urahisi kuliko mgonjwa, kwa hiyo utafiti wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyomponya mtu. Lakini hauko peke yake.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapoishi na wasiwasi wa karo, deni la duka au mgonjwa nyumbani, mwili wake hukaa kama askari wa zamu asiyebadilishwa. Moyo unakwenda mbio, misuli ya shingo imekaza, na homoni ya kotisoli, ambayo kazi yake ni kutuamsha wakati wa hatari, inazidi kumwagika hata usiku. Hali hiyo ikidumu miaka, inachangia presha, usingizi mbovu na sukari isiyodhibitika. Presha na kisukari, kila mmoja wetu anazijua nyumba zinazozibeba hapa Nyeri.

Ukiwa chini ya miti, zamu inabadilishwa. Pumzi inashuka hadi tumboni, mapigo ya moyo yanapungua. Huko Japani, tangu mwaka 1982, serikali imekuwa ikiwahimiza watu waende msituni kutembea taratibu, kunusa na kusikiliza, bila haraka ya kufika popote. Wao wanakuita kuoga msitu. Watafiti wao wamepima mate na damu ya watembezi hao, wakaona kotisoli na presha zikishuka ukilinganisha na wanaotembea mjini katikati ya magari.

Hata kuangalia kwa mbali kuna kazi yake. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walirudi nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Dirisha tu, tena mgonjwa akiwa amelala.

Kwa watoto kuna jambo la ziada: macho. Mtoto anayecheza nje mchana, kwenye mwanga wa jua, ana uwezekano mdogo wa kuanza kushindwa kuona vitu vya mbali kuliko yule anayekaa ndani akikodolea kitabu au skrini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa umri wa shule apate angalau dakika 60 za kuchezesha mwili kila siku. Mwache akimbie, achafuke, arudi na tope la magotini.

Wafungwa watatu wa Nanyuki

Kuna kisa cha hapa hapa kwetu ambacho tungependa kijulikane zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliwafunga wanajeshi na raia wa Kiitalia katika kambi namba 354 pale Nanyuki. Mmoja wao aliitwa Felice Benuzzi. Katika maandishi yake ya baadaye alieleza kwamba mateso makubwa ya kambi yalikuwa siku kutokuwa na maana: hakuna kazi, hakuna tarehe ya kurudi nyumbani, kila asubuhi imefanana na ya jana, na watu wanaanza kulegea akili. Siku moja mawingu yakapasuka, akauona mlima kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo maisha yake yakabadilika akiwa bado ndani ya seng'enge. Yeye na wenzake walianza kuweka akiba ya chakula, kutengeneza vifaa vya kupandia barafu kwa vipande vya chuma, na kuichora sura ya mlima kwa kuukodolea macho kutoka mbali. Januari 1943 Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka. Barsotti aliugua njiani akabaki kwenye hema. Wale wawili walishindwa Batian lakini wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera. Kisha wakarudi Nanyuki wakajisalimisha wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungwa peke yao. Mkuu wa kambi akaipunguza hadi siku 7, kwa kuheshimu walichokifanya.

Hatukushauri ufanye kama wao. Walikaribia kufa kwa njaa na baridi. Tunachokiona katika kisa hiki ni ile miezi kabla ya safari. Mlima uliwapa kitu cha kuamkia, na mtu aliyevunjika moyo mara nyingi hicho ndicho alichopoteza. Kijana wa Chaka aliyekaa miaka miwili bila kazi, mama wa Mukurwe-ini aliyefiwa na mumewe, mzee aliyestaafu na sasa hana pa kwenda asubuhi: wote wanahitaji kitu cha kuamkia. Kinaweza kuwa miche hamsini ya kumwagilia, au kundi la majirani watano wanaotembea pamoja hadi mtoni.

Binti wa Ihithe

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Alisimulia jinsi utotoni alivyochezea mayai ya chura kwenye kijito karibu na kwao, akidhani ni shanga anazoweza kuvaa shingoni, na jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa huo ni mti wa Mungu. Alipokuwa mtu mzima alirudi akakuta mugumo umekatwa ili kupisha chai, na kijito kimekauka.

Watu wengi wanamkumbuka kwa miti. Sisi wa afya tunamkumbuka pia kwa jambo alilogundua jikoni. Miaka ya sabini, alipowasikiliza wanawake wa vijijini, alisikia kwamba kuni zimeadimika kwa sababu mashamba yamejaa kahawa na chai. Mama asiye na kuni hapiki githeri inayochemka kwa muda wa saa tatu. Anatoa mkate mweupe na chai, au wali wa haraka. Kwa hiyo watoto wa eneo lenye mvua na rutuba kama hili wakawa na utapiamlo. Mti uliokatwa juu ya mlima ulionekana kwenye sahani ya mtoto. Kutokana na mazungumzo ya namna hiyo likazaliwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977. Tarehe 8 Oktoba 2004, simu ya Tuzo ya Nobel ya Amani ilimkuta akiwa njiani kuja Nyeri. Alisherehekea kwa kupanda mche wa kifabakazi, ule wa maua mekundu kama moto, katika uwanja wa hoteli ya Outspan, uso ukielekea mlimani.

Kwa hiyo tunaposema asili ni afya, tunataja pia managu, terere, thabai, majani ya kunde na nduma zinazoota kando ya mto. Shamba lisilo hata kona moja ya mboga za kienyeji linadaiwa na watoto wa nyumba hiyo.

Wazee wetu na msitu

Sehemu hii tunaiandika kwa uangalifu. Kuna cucu na guka katika kaunti hii ambao msitu wa Nyandarua hauwaletei utulivu. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, mabomu yaliangushwa katika misitu hiyo. Kuanzia 1954 familia ziliondolewa kwenye maboma yao zikafungiwa katika vijiji vilivyolindwa, na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki refu kwenye ukingo wa msitu. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa ukingoni humo, upande wa Tetu, tarehe 21 Oktoba 1956. Wapo waliompoteza kaka au baba ndani ya miti ile na kaburi hawalijui.

Usimlazimishe mzee kwenda matembezi msituni kwa sababu umesoma kijitabu. Muulize anapenda kukaa wapi. Huenda ni chini ya parachichi nyuma ya nyumba, huenda ni penye jua karibu na zizi. Na akitaka kusimulia, kaa naye. Kuna wazee waliosubiri miaka mingi mtu wa kuwauliza.

"Mimi ni mkulima, kutwa niko nje"

Swali hili ni la haki. Kuchuma chai na kulima kunachangamsha mwili kweli, na mkulima hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Lakini aliyeinama kwenye safu za kahawa akipiga hesabu ya mbolea na malipo yaliyochelewa, akili yake iko kwenye deni. Jembe likishawekwa chini, kaa dakika kumi ukitazama bonde kabla ya kuingia nyumbani. Na unaponyunyiza dawa, funika pua, vaa glovu, simama upande upepo unakotoka, kisha oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Mahali pa kwenda

Huhitaji kulipa. Mjini Nyeri kuna bustani ya Whispers, na ukingo wa mto Chania, unaotunywesha. Pembeni ya mji kuna kilima cha Nyeri chenye msitu wake. Nendeni wawili au zaidi, hasa akina mama na wasichana, na mrudi mapema. Ukiishi kandokando ya msitu wa serikali, uliza chama cha jamii cha misitu cha eneo lako kuhusu njia zinazoruhusiwa.

Ndani ya misitu ya Nyandarua (Aberdare) na Mlima Kenya kuna tembo na nyati. Usiingie bila mtu anayeijua njia, na usijaribu jioni. Ukimwona nyati peke yake, usimsogelee hata kidogo.

Wanaotaka kupanda mlima wenyewe, jambo linaloua huko ni haraka. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Kichwa kikiuma, ukatapika, usiendelee kupanda. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Wakati wa gathano, baridi ya Juni hadi Agosti, wengi wetu hujifungia ndani na jiko la makaa. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Jiko lisilale ndani ya chumba, na dirisha libaki wazi kidogo. Kisha jua likichomoza, hata kwa nusu saa, toka ulipokee.

Dawa zako usiziache

Anayemeza dawa za presha au sukari aendelee kumeza. Matembezi yanaweza kusaidia kipimo kishuke, na daktari ndiye atakayeamua kama dawa ipunguzwe. Gome la mti wa muiri wazee wamelitumia tangu zamani kwa shida ya mkojo, lakini mwanamume anayeshindwa kukojoa aende hospitali kwanza. Na mti unaochunwa gome pande zote hufa.

Ukiona kwamba kwa zaidi ya wiki mbili hulali, huli, huoni raha ya chochote, au mawazo ya kujiua yanakujia, mwambie mtu leo, na uende kituo cha afya au umwite mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Sonona inatibika. Kutembea chini ya miti kutafuata baadaye, ukiwa na wa kukushika mkono.

Kwa wanaouguza

Ukienda kumtazama mgonjwa wodini, baada ya uji na salamu, muulize muuguzi kama anaruhusiwa kutoka. Akikubali, mfunike blanketi, mkalishe kwenye kiti cha magurudumu, mpeleke hadi penye majani. Kama haruhusiwi, omba kitanda kigeuzwe kidogo kuelekea dirishani. Ukiweza, fika kabla ya saa nne, mlima ukiwa bado wazi.