Baharini tunaomba, barabarani je?

Katika Surat Israa, aya ya 67 na 68, Allah (s.w.t.) anawataja watu ambao wakipatwa na shida baharini huwasahau wote wanaowaomba isipokuwa Yeye, lakini akishawafikisha nchi kavu hugeuka. Kisha anawauliza: wana amani gani kuwa ardhi haitawameza? Nimezisoma aya hizi tangu madrasa nikidhani zinawahusu washirikina wa Makka peke yao. Safari ya mapumziko ya Idd kule Unguja ndiyo iliyonifanya nizisome upya.

Tulitoka Dar es Salaam na familia hadi Nungwi kwa siku mbili. Siku ya pili tukakodi boti kwenda kuangalia matumbawe upande wa Mnemba. Nani asiyeiogopa bahari ile? MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi Septemba 2011, na MV Skagit ikazama karibu na Chumbe Julai 2012. Basi kila mtu alivaa jaketi la kuokolea maisha bila kuambiwa mara mbili, watoto wakasomeshwa dua, na nahodha aliposema upepo umebadilika turudi, hakuna aliyembishia.

Jioni nikashika usukani wa gari la kukodi, tukalale mjini tuwahi boti ya asubuhi. Barabara siijui, giza linaingia, watu na baiskeli pande zote. Dua sikukumbuka. Mkanda niliufunga nilipomuona askari. Nikakanyaga mafuta ili niwahi Maghrib mjini! Tulipopita Kinyasini, gari la ng'ombe lisilo na taa likatokea mbele yangu. Nilikwepa, nikaishia kwenye migomba.

Mzee mwenye ng'ombe alikuja dirishani, akatoa salamu kwanza.

"Mwanangu, njia huijui, mbio za nini?"

"Nawahi sala, mzee wangu."

"Kwani wewe si msafiri?"

Niliona haya. Msafiri wa masafa kama yale ameruhusiwa kuichelewesha Maghrib akaiswali pamoja na Isha. Rukhsa ninayo, naijua, nami nilikuwa nakimbilia kuua mtu kwa kisingizio cha ibada.

Na lau ningemuua? Wengi wetu husema "kadari" mjadala ukaisha. Lakini Surat Nisaa, aya ya 92, haikuishia hapo. Aliyemuua muumini kwa kukosea ana diya kwa warithi, ila wakisamehe, na ana kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Bima ya gari haimfungii mtu saumu hiyo. Je, madereva wangapi tunaowajua wameulizia hukumu hii kwa sheikh baada ya ajali?

Isitoshe, Surat Zukhruf, aya ya 12 hadi 14, imetaja majahazi na wanyama wa kupanda kwa pamoja, na ukumbusho wake ni mmoja kwa vyote viwili.

Siku hizi, nikifika ugenini, namuuliza mwenyeji kama nilivyomuuliza nahodha: matuta yako wapi, ng'ombe wanavukia wapi, kona mbaya ni ipi? Wanaokwenda Ngazija waulize zaidi, maana kule huendeshwa upande wa kulia, na mtu wa kwetu hukosea hasa alfajiri, barabara ikiwa tupu.