Vumbi la Jiwe: Linatoka Wapi, Linafanya Nini Kifuani



Kwa nini vumbi la barabara humpigisha mtu chafya tu, lakini lile la shimoni linaweza kumwua? Jibu limo ndani ya jiwe lenyewe.

Hapa Bukavu tumezoea jiwe jeusi na udongo mwekundu. Hilo ni jiwe la volkano, nalo ni changa. Mawe ya machimbo, kule Kamituga, Nzibira au Kalima, ni mengine. Zaidi ya miaka miliari moja iliyopita, yaani milioni elfu moja, sehemu hizo zilifunikwa na maji. Mchanga na matope vikalala chini, tabaka juu ya tabaka. Uzito na joto vikavigeuza kuwa mawe, na mchanga ukawa jiwe gumu sana. Usitafute humo mifupa ya samaki. Katika zama za Devoni, kama miaka milioni 400 iliyopita, bahari za dunia zilipojaa samaki, mawe yetu yalikuwa yamekwisha kuzeeka.

Baadaye graniti ya moto ilipanda kutoka chini. Maji ya moto yakaingia katika nyufa, yakaacha kasiteriti pamoja na kwarsi, lile jiwe jeupe linalong'aa kama kioo. Dhahabu ya Kamituga nayo hukaa katika mishipa ya kwarsi.

Basi fahamu: mchanga ule wa kale ni kwarsi, na mshipa wa madini ni kwarsi. Ukitoboa, ukilipua au ukitwanga, kwarsi inakuwa vumbi. Lile unaloliona hukwama puani. Lile jembamba lisiloonekana hufika ndani kabisa ya mapafu, wala haliyeyuki. Mapafu yanafanya makovu, na pumzi inapungua mwaka hata mwaka. Ndio ugonjwa wa silikozi. Mara nyingi huonekana baada ya miaka 10 na zaidi. Penye vumbi jingi huja upesi. Hauna dawa ya kuuponya, tena unaufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Toboa kwa maji. Mwagia mawe maji kabla ya kuyapakia.

2. Baada ya kulipua, usirudi mpaka kapita atoe ruhusa.

3. Vaa maski ya vumbi inayobana uso. Kitambaa hakizuii vumbi jembamba.

4. Nguo za kazi zibaki kazini. Zikifika nyumbani, ziloweke. Usizikung'ute mbele ya watoto.

5. Mama unayetwanga mawe ya dhahabu: yaloweshe kwanza, kaa upande upepo unakotoka, na usiende na mtoto mgongoni.

6. Ukikohoa zaidi ya wiki 2, au ukihema kwenye kilima ulichokuwa ukikipanda bila shida, njoo dispanseri. Sema umefanya kazi shimoni miaka mingapi. Usingoje kutema damu.

Jiwe hilo limengoja miaka milioni elfu moja. Linaweza kungoja tena kidogo, mpaka vumbi litulie.