Funga sensa, lakini shingo igeuke

Mdogo wangu, sogea karibu tuongee. Mnaniuliza sana siku hizi: dada, gari langu halina ile taa ndogo inayowaka pembeni kukuonya kwamba kuna mtu ubavuni, naweza kuifunga? Unaweza, wala usione haya kuuliza. Umewasha indiketa, umetazama kioo, umeona peupe, ukaanza kuhama njia. Mara honi ya bodaboda inakulilia sikioni na moyo unakuruka. Hakuna dereva ambaye hayajamkuta. Kila gari lina sehemu ubavuni, kuelekea nyuma, ambayo kioo cha ndani hakiifikii na cha pembeni hakiioni. Kosa linaanza pale unapojua hivyo na bado ukahama kwa kubahatisha.

Sasa nisikilize kabla hujakimbilia Kariakoo na hela mkononi. Wengi wetu tumetega vioo vya pembeni vikitazama milango yetu wenyewe. Mlango wako unaulinda wa nini, unadhani utakukimbia? Mwaka 1995 mhandisi mmoja wa Marekani, George Platzer, alieleza namna ya kuvitega, na ni bure kabisa. Kwa magari yetu haya ya usukani wa kulia, inamisha kichwa mpaka kikaribie kugusa kioo cha mlango wako, kisha sukuma saitimira ya kulia ielekee nje hadi ubavu wa gari uonekane kwa mbaali tu, pembezoni. Halafu egemea katikati ya gari, ufanye vivyo hivyo kwa ya kushoto. Ukikaa wima hutauona ubavu wako tena, na siku za mwanzo utahisi kama umepotea. Vumilia. Tazama daladala inayokupita: ikianza kutoka kwenye kioo cha ndani inaingia cha pembeni, na kabla haijatoka humo jicho lako limeshaiona dirishani. Hapo umetega vizuri.

La pili, usije ukanunua ulichonacho. Baadhi ya magari tunayoagiza Japani yanakuja na mfumo huu kutoka kiwandani. Volvo walianza kuufunga kwenye mwaka 2005 hivi, kwa kamera ndogo chini ya vioo vya pembeni. Wengine wakafuata, wengi wao kwa rada. Washa swichi, tazama saitimira: kama kuna kialama cha gari kinachowaka kidogo kisha kikazima, huenda unao. Kama barabarani hakikuonyi, pengine umezimwa kwenye ile menyu ya Kijapani uliyoipita bila kuielewa, au bampa lilishabadilishwa baada ya ajali na sensa zikarudishwa upandeupande. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kupima gari kwanza.

Kama huna kabisa, nunua kwa akili. Dukani utakuta aina mbili ambazo maboksi yake yanafanana. Kuna zinazotumia mawimbi ya sauti, ndugu wa zile za kuegeshea: zinatobolewa kwenye bampa na uwezo wake ni mita chache. Mjini kwa mwendo wa pole zinasaidia. Kwenye barabara kuu, mpaka zizinduke, gari la watu limeshakufikia. Na kuna za rada, boksi litaandikwa 24 au 77 gigahezi. Hizi zinaona mbali zaidi na hufichwa nyuma ya bampa la plastiki bila tundu. Ila rada haipiti kwenye chuma, kwa hiyo kama umefunga gadi ya chuma nyuma, au bampa limejazwa puti nene, sema mapema. Hata tope likiganda hapo linaisumbua. Muuzaji akikwambia "zote ni zilezile tu, chukua ya bei poa", aga uondoke. Rahisi yavunja upishi.

Na fundi, jamani! Sensa zikae kwenye kimo na pembe vilivyoandikwa kwenye kijitabu, kushoto na kulia sawasawa. Umeme upitie fyuzi yake peke yake. Ukimwona anachuna waya wa indiketa, anausokota kwa vidole na kuuzungushia seloteipu, mzuie. Masika ikifika maji yataingia, kutu itakula, na siku moja indiketa itakufa nawe huna habari. Zile taa za onyo hubandikwa kwenye nguzo za kando ya kioo cha mbele. Kama gari lako lina eabegi za pembeni, mara nyingi hupita ndani ya nguzo hizo. Waya usikatize mbele yake, maana siku ya ajali eabegi inatakiwa ifunguke bila kizuizi. Fundi asipoelewa unazungumzia nini, mpe asante na soda, utafute mwingine.

Tuseme vyote vimekaa sawa. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, maana nakujua. Mwanzoni utageuza shingo na kutazama taa. Ukishaizoea, utatazama taa peke yake. Na bodaboda haiji kwa adabu: inachomoka katikati ya magari, nyembamba, kwa kasi, tena kushoto ambako hukutegemea mtu. Vifaa vingine haviamki mpaka gari lishike mwendo fulani, vingine hupitwa na kitu chembamba. Kwenye foleni ya Ubungo vitapiga kelele mfululizo mpaka uvichoke uvizime. Taa ikiwaka, jua kuna mtu. Isipowaka, bado hujajua kitu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye taa inabidi aambiwe kila siku.

Yule wa kwenye boda ana kwao, na nyuma yake pengine amepakia mwanafunzi na begi lake. Ukimgonga, hakuna atakayekuuliza sensa yako ilikuwa ya gigahezi ngapi. Trafiki atakuuliza kama ulitazama, na usiku, kitandani, moyo wako utakuuliza hivyohivyo. Majuto ya namna hiyo hayana fundi.

Kwa hiyo funga, mdogo wangu, sikukatazi. Kifaa kizuri kilichofungwa na fundi mzuri kitakuokoa siku umechoka. Ila vioo vitege kesho asubuhi kabla hujatia gia, na kila unapohama njia iwe hivi: vioo, indiketa, shingo, ndipo usukani. Ukiona hayo manne yanakushinda, hela ya sensa kaiongezee kwenye ada ya watoto.