Je, Maandamano Yaweza Kuleta Mabadiliko ya Kudumu?

Miongoni mwa maswali wanayouliza vijana wenye kupenda haki ni hili: Watu wakitoka majiani bila silaha, wakadai utawala mwovu uondoke, je, yaweza kupatikana mabadiliko yatakayodumu? Wako wasemao kwamba maandamano ni makelele matupu, na kwamba mwenye bunduki ndiye mwenye neno la mwisho. Wako pia wasemao kwamba hakuna dola iwezayo kusimama mbele ya umma uliokwisha kata shauri. Kila upande una mifano yake. Lakini mtafuta ukweli hatosheki na mfano mmoja uliochaguliwa kuipamba hoja. Yampasa alitazame jambo tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake.

Iko nchi moja katika Afrika ambamo jaribio hili limefanyika mara 3 katika muda wa miaka 55, na kila mara katika mji mkuu ule ule. Nchi hiyo ni Sudan. Na tuyapime yaliyotokea huko.

Mara ya Kwanza: Mwaka 1964

Jenerali Ibrahim Abboud alitwaa serikali mwezi wa Novemba 1958, kabla uhuru wa nchi haujatimiza miaka 3. Tarehe 21 Oktoba 1964 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walikusanyika kuzungumza juu ya vita vya Kusini. Polisi waliingia wakafyatua risasi, na mwanafunzi mmoja, Ahmad al-Qurashi, akauawa. Mazishi yake yakageuka kuwa maandamano makubwa. Mahakimu, wanasheria, madaktari, walimu na wafanyakazi wa reli wakaungana katika mgomo mkuu. Kabla mwezi wa Novemba haujaisha, Abboud alikuwa amekwisha ondoka, na mwalimu mmoja, Sirr al-Khatim al-Khalifa, alikuwa Waziri Mkuu wa serikali ya mpito.

Huo ulikuwa ushindi wa kweli, wala si haki kuudharau. Lakini kile kilichowakusanya wanafunzi siku ile, yaani vita vya Kusini, hakikutatuliwa. Mkutano ulioitishwa Khartoum mwezi wa Machi 1965 ulikwisha bila mapatano. Uchaguzi wa mwaka huo ukafanyika Kaskazini, kwa kuwa Kusini kulikuwa vitani. Vyama vya zamani vikarudi na magomvi yao ya zamani, na serikali zikabadilishana upesi upesi. Tarehe 25 Mei 1969 Jaafar Nimeiry aliitwaa nchi kwa mapinduzi ya kijeshi. Uhuru uliopatikana kwa damu ulikuwa umedumu chini ya miaka 5.

Mara ya Pili: Mwaka 1985

Mwezi wa Septemba 1983 Nimeiry alitangaza sheria alizoziita za Kiislamu. Kwa hukumu ya kuritadi, tarehe 18 Januari 1985, Mahmoud Mohamed Taha, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyezipinga sheria hizo kwa kalamu na ulimi tu, alinyongwa hadharani katika gereza la Kober. Mwisho wa mwezi wa Machi watu waliochoshwa na ughali wa chakula na uonevu walijaa majiani, na vyama vya wenye taaluma vikagoma. Nimeiry alikuwa safarini nje ya nchi. Tarehe 6 Aprili Jenerali Abdel Rahman Swar al-Dahab alitangaza kwamba utawala wake umekwisha.

Mara hii jenerali aliitimiza ahadi yake: uchaguzi ulifanywa mwezi wa Aprili 1986, naye akakabidhi madaraka kwa serikali ya Sadiq al-Mahdi. Mwezi wa Novemba mwaka huo Mahakama Kuu iliibatilisha hukumu ya Taha, ambayo haikuweza tena kumrudishia uhai. Hata hivyo, sheria za Septemba zenyewe hazikufutwa, na vita vya Kusini, vilivyoanza upya mwaka 1983, viliendelea. Mtawala alikwenda, alama yake ikabaki vitabuni. Tarehe 30 Juni 1989 Omar al-Bashir alipindua serikali, na katika sheria ya jinai ya mwaka 1991 adhabu ya kifo kwa mwenye kuritadi iliandikwa waziwazi. Hapo twaona kwamba ufa ulioachwa bila kuzibwa ulipata mtu wa kuupanua.

Mara ya Tatu: Mwaka 2019

Mwezi wa Desemba 2018 bei ya mkate ilipandishwa mara 3, na mji wa Atbara ukainuka. Chama cha wenye taaluma na kamati za mitaa walipanga maandamano kwa utaratibu wa ajabu, na wanawake walikuwa wengi mno katika safu zao. Tarehe 6 Aprili 2019, siku ile ile ya kukumbuka mwaka 1985, watu walipiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi. Tarehe 11 Aprili majenerali walimwondoa al-Bashir, aliyekuwa ametawala karibu miaka 30.

Watu hawakuondoka, kwani walijifunza kwamba kuondoka kwa mtu mmoja si kuondoka kwa utawala. Tarehe 3 Juni kambi ilivunjwa kwa risasi na watu zaidi ya 100 wakauawa. Hata hivyo, tarehe 30 Juni umati mkubwa ulitoka tena, nao majenerali wakalazimika kurudi mezani. Mapatano yakatiwa sahihi tarehe 17 Agosti: serikali ya mpito ya raia na askari pamoja kwa miezi 39, na Abdalla Hamdok akawa Waziri Mkuu.

Serikali hiyo haikukaa bure. Mwezi wa Julai 2020 ilifuta adhabu ya kifo kwa kuritadi, ikaondoa adhabu ya viboko, na kuharamisha ukeketaji wa wasichana. Lakini Baraza la Kutunga Sheria lililoahidiwa katika mapatano halikuundwa kamwe. Makampuni ya jeshi yalibaki nje ya mamlaka ya Wizara ya Fedha. Na majeshi yalikuwa mawili: jeshi la taifa chini ya Abdel Fattah al-Burhan, na Kikosi cha Msaada wa Haraka cha Mohamed Hamdan Dagalo, ambacho mizizi yake ni katika wanamgambo wa vita vya Darfur. Tarehe 25 Oktoba 2021 majenerali walipindua serikali. Tarehe 15 Aprili 2023 majeshi hayo mawili yalianza kupigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Khartoum, na vita hivyo vikawahamisha watu zaidi ya milioni 10 kutoka makwao.

Ni Nini Kilichokosekana?

Msomaji ataona kwamba ushujaa haukukosekana, wala idadi ya watu, wala nidhamu. Yaliyokosekana ni mambo matatu.

Kwanza, mara zote 3 umma uliusukuma mlango, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa askari. Maandamano yaliwaonyesha majenerali kwamba mkubwa wao amekuwa mzigo, nao wakamtua. Mwenye kutua mzigo aweza kujitwika mwingine. Madhali jeshi lina mali yake na amri yake yenyewe, serikali ya raia ni mgeni katika nyumba ya mwingine.

Pili, umoja wa barabarani ni umoja wa kukataa. Ni rahisi watu milioni kukubaliana juu ya wasichokitaka. Ni vigumu watu 20 kukubaliana juu ya kitakachowekwa mahali pake. Kazi hii ya pili yataka subira, maandishi, mahakama, hesabu za fedha na vikao virefu visivyo na nyimbo. Hapo ndipo wengi huchoka.

Tatu, kidonda kilichozaa ugomvi kiliachwa wazi. Watu wa Kusini na wa Darfur hawakupewa sehemu yao kwa wakati wake. Vita vilivyoachwa pembeni ndivyo vilivyolea majeshi, na majeshi hayo ndiyo yaliyorudi mjini. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Mfano wa Marekani

Ili tusihukumu kwa ushahidi wa nchi moja, tutazame mahali ambapo matokeo yalidumu zaidi. Mwezi wa Desemba 1955 watu weusi wa mji wa Montgomery, Marekani, walikataa kupanda mabasi yaliyowatenga kwa rangi. Walikataa kwa siku 381. Walikwenda kwa miguu, wakapanga magari ya kuchukuana, wakachanga fedha, na wakati uo huo wakapeleka kesi mahakamani. Mwaka 1956 mahakama ya juu ya nchi iliamua kwamba utengaji huo wavunja katiba. Mwezi wa Machi 1965 waandamanaji walipigwa katika daraja la Selma, na tarehe 6 Agosti mwaka huo Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa sahihi. Katika jimbo la Mississippi, ambako mwaka 1964 watu weusi walioandikishwa kupiga kura walikuwa chini ya 7 kwa mia, mwaka 1967 walifika karibu 60 kwa mia.

Tofauti i wapi? Huko kila maandamano yalikuwa na dai moja lililo wazi, na nyuma ya dai walikuwako wanasheria, na mbele yake sheria iliyoweza kuandikwa na kutekelezwa. Barabara ilikuwa njia ya kufikia mahakama na bunge, wala haikuwa mwisho wa safari. Tena ni kweli kwamba dola yenyewe ilikuwa na mahakama na bunge vya kuendea. Watu wa Khartoum hawakuwa navyo. Hata hivyo, mwaka 2013 mahakama ile ile ya juu ilidhoofisha sehemu kubwa ya sheria ya mwaka 1965. Basi hakuna ushindi usiohitaji mlinzi.

Jibu la Pingamizi Moja

Pengine mtu atasema: Ikiwa ni hivyo, si afadhali watu wakae kimya? La, hilo halifuati. Al-Bashir hakuondolewa kwa ukimya. Na iko neema iliyobaki Sudan ambayo macho ya haraka hayaioni. Vijana wengi wa kamati zile zilizopanga maandamano mwaka 2019 ndio, vita vilipoanza, walioungana na majirani zao kufungua majiko ya umma, kugawa dawa na kuwahamisha majeruhi. Walifanya hivyo mahali ambapo serikali haikuwako, wengine wakapoteza maisha yao. Serikali waliyoitaka ilipinduliwa, lakini desturi ya kukaa pamoja, kugawana kazi na kutoa hesabu mbele ya jirani haikupinduliwa. Kama siku moja Sudan itajengwa, itajengwa na watu waliojifunza hivyo.

Funzo

Jibu la swali letu, basi, ni hili. Maandamano yaweza kumwondoa mtawala, na mara nyingine hakuna kingine kiwezacho. Lakini hayawezi peke yake kushika kile yalichokitwaa. Mabadiliko hudumu pale ambapo sheria mbaya inafutwa pamoja na mtungaji wake, silaha zinawekwa chini ya amri moja inayotoa hesabu, wanyonge wa pembeni wanapewa haki yao mapema, na watu wanaendelea na kazi baada ya shangwe kunyamaza.

Kurani Tukufu imefunga mabadiliko ya hali ya watu pamoja na mabadiliko ya yaliyomo nafsini mwao. Wengi huisoma kanuni hiyo kama kisingizio cha kungoja. Sivyo. Ni amri ya kazi, na kazi ngumu zaidi ya kuandamana: kwamba yule adaiye uadilifu Ikulu audumishe katika kikao cha mtaa wake, katika mizani ya duka lake na katika nyumba yake. Umma uliozoea uadilifu katika madogo hautampa dhalimu wa pili nafasi ya yule wa kwanza.

Mwenyezi Mungu awape amani watu wa Sudan, na atujalie sote kuyafahamu haya na kuyatenda. Amin.